Kichurachura Hakiponyi Kichurachura

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa taulo mbili, chupa ya mafuta ya kuchulia na ufunguo ambao haukufungua mlango wowote. Nilikuwa nimetoka chuoni kusomea fiziotherapia, nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi mara mbili, na nilitarajia walau mtu mmoja aniite daktari. Mgonjwa wa kwanza aliingia, akanitazama juu hadi chini, kisha akamgeukia muuguzi aliyemsindikiza.

"Mchuaji ndiye huyu?"

Ndiye. Nimekuwa mchuaji hapa Songea kwa miaka ishirini na tisa. Shahada niliiongeza katikati ya safari, na haikubadilisha kitu. Anayetaka cheti cha kupumzika kazini huniita daktari. Wengine wote huniita mama mchuaji. Mwaka huu nimestaafu kwa hiari, magoti yangu yakiwa yamestaafu kabla yangu, na ninyi mnaobaki kwenye chumba kile cha kuchulia hospitalini mmeniomba niandike ninachokumbuka. Nitaandika. Ila msitegemee maneno matamu ya kuagana, kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni, na nikilimeza nitakuwa nimewadanganya.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mapunda. Kwenye karatasi alikuwa msaidizi wangu. Kwa hakika mimi ndiye niliyekuwa wake. Alikuwa mtu mfupi, mkavu wa maneno, mwenye vidole vinene kama mihogo, na alikuwa na kasumba moja iliyoniudhi sana: hakumgusa mgonjwa mpaka amhoji kama polisi. Wiki yangu ya pili, mvua za kwanza zilipoanza, aliingia mkulima kutoka Madaba akitembea kama amebeba gunia lisiloonekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jana ulifanya nini?"

"Nimelima, mzee. Mgongo, mapaja, mikono, kote kunawaka."

"Na juzi?"

"Juzi nilikuwa harusini."

"Na mwezi mzima kabla ya harusi?"

"Aa, mzee, si tulikuwa tunangoja mvua?"

"Basi huumwi wewe. Umeushtua mwili. Nenda nyumbani, kunywa maji, kula ushibe, lala. Kesho usilale kutwa, tembea. Keshokutwa kalime nusu ya ulivyolima jana. Umekojoa leo?"

"Nimekojoa."

"Rangi gani?"

Yule bwana alinitazama mimi, mwanamke kijana mwenye koti jeupe, akaona aibu. Mimi pia niliona aibu. Nilitamani Mzee Mapunda anyamaze. Alisubiri hadi akajibiwa, akaitikia kwa kichwa, akamruhusu aende bila hata tone la mafuta. Mgonjwa akaondoka amekasirika, maana alikuja kuchuliwa na hakuchuliwa.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa jina refu la Kiingereza la maumivu yale, pamoja na picha ya nyuzi za misuli. Mzee Mapunda hakujua jina wala picha, lakini alijua yote ya maana. Alijua kwamba misuli iliyofanyishwa kazi isiyoizoea hupata michubuko midogo isiyoonekana, na kwamba maumivu yake hayaji saa ileile, huja kesho yake, hukomaa siku ya pili, na kuanza kuondoka siku ya tatu au ya nne. Alijua kwamba kushuka kilima huumiza mapaja kuliko kukipanda. Alijua kwamba kumkandamiza mtu wa namna hiyo kwa kiwiko, kama wafanyavyo mabingwa wa mitaani, ni kuongeza mchubuko juu ya mchubuko. Mkono mwepesi, matembezi mepesi, maji, maharage ya kutosha, usingizi, basi. Uvumilivu hauuzwi kwenye chupa, ndiyo maana hauna wateja.

Msinione mtakatifu. Nilipofika miaka arobaini na nane nilijiunga na klabu ya jogging, kama watumishi wengine wote wa mji huu ambao daktari amewatisha kuhusu presha. Tulipewa fulana za rangi ya chungwa. Jumamosi ya kwanza, kwa kuwa kulikuwa na mwenyekiti aliyenizidi umri na sikutaka anizidi na mbio, nilikimbia mteremko wote hadi chini, nikarudi, nikashuka tena. Jumatatu nilishuka ngazi za benki kinyumenyume, nimeshika ukuta, huku mlinzi akiniuliza kama nimesahau kitu juu. Choo cha kuchuchumaa kilinifanya nilie. Na mimi, mwenye shahada, nilifanya nini? Nilijikanda kwa maji ya moto yenye chumvi mpaka ngozi ikababuka, nikapaka dawa ya farasi aliyoniletea jirani, nikameza vidonge vya maumivu vitatu kwa mkupuo. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni anakunywa chai.

"Mama Neema," aliniambia, "wagonjwa wako wakikuona hivi watakuja wakuchue wewe."

Nasimulia hili ili mjue kwamba hasira niliyonayo haitoki kwenye kiti cha juu. Najua jinsi mtu mwenye maumivu anavyokuwa mjinga. Nisichoweza kuvumilia ni mtu asiye na maumivu anayekuwa mjinga kwa niaba ya mwenzake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ni mwaka jana, mwezi wa sita, ule wakati wa baridi yetu ambapo ukungu hauondoki uwanjani hadi saa nne, na shule za sekondari zinaweka kambi za michezo. Kambi moja ilikuwa chini ya Mwalimu Ngonyani. Namfahamu miaka mingi. Si mtu mbaya; wanafunzi wake wakiugua huwabeba mgongoni. Alikuwa mkimbiaji enzi zake na alifundishwa hivyohivyo, na hapo ndipo tatizo linapolala. Kambi yake ilikuwa na desturi ya kukaribisha wageni kwa kichurachura. Mnakijua, wote tulirushwa hicho shuleni tukichelewa: unachuchumaa, mikono nyuma ya kichwa, unaruka kama chura. Shuleni ilikuwa adhabu ya dakika tano. Kambini ilikuwa uwanja mzima wa mpira, mizunguko mitatu, siku ya kwanza, kwa watoto waliotoka kukaa wiki kadhaa madarasani wakifanya mitihani. Maji marufuku mpaka mwisho, kwa kuwa eti maji hufanya tumbo lining'inie.

Na kesho yake, walipoamka hawawezi kushuka vitandani, dawa ilikuwa ipi? Kichurachura. Hii ndiyo elimu ya nusu ya makocha wetu: kwamba maumivu ni damu iliyoganda, na damu iliyoganda huvunjwa na kilekile kilichoigandisha. "Tiba ya kichurachura ni kichurachura," Mwalimu Ngonyani alipenda kusema, na watu wazima wenye vyeti walikuwa wanacheka na kuitikia. Ukiungua na uji, unatibiwa kwa kumwagiwa uji? Ukianguka na baiskeli, tunakupandisha tena tukusukume ukutani?

Jumanne ile mchana alinipigia simu. Nilikuwa nimemshika mgonjwa wa kiharusi kwa mkanda wa kiunoni, tunajaribu hatua zake za kwanza, na simu nimeibana kati ya sikio na bega.

"Mama Neema, wasichana wangu misuli imekaza. Wengine wanalia."

"Ndiyo kawaida, mwalimu," nilisema. "Siku tatu itaisha. Waoge maji ya uvuguvugu, watembeetembee. Anayezidiwa mpe kidonge cha maumivu, diklofenaki."

"Ahsante, mama. Nilijua tu ni kawaida."

Mazungumzo yote hayakufika dakika moja. Yasome tena mkitaka. Sikuuliza jana walifanya nini. Sikuuliza ni wangapi, wamekunywa nini, nani amevimba. Ile hojaji ya kipolisi niliyosimama nayo miaka ishirini na nane, siku hiyo niliona ni ndefu mno kwa simu.

Alhamisi asubuhi bajaji iliingia hospitalini, akashuka Mwalimu Ngonyani na filimbi yake shingoni, akimshika mkono msichana mmoja. Zuhura, kidato cha tatu, miaka kumi na sita, mzaliwa wa Lusewa, mkimbiaji wake bora wa mita mia nane. Alitembea miguu imepanuka, bila kukunja magoti. Mwalimu alimkalisha kwenye kitanda changu cha kuchulia kama mtu anayeleta redio kwa fundi.

"Mchue haraka, mama. Jumamosi tuna mchujo."

Niliweka kiganja juu ya paja lake. Misuli yenye uchovu wa kawaida huwa laini na inauma ukiigusa. Ile ilikuwa imevimba na ngumu kama mchi. Nilimwambia asimame bila kushika kitu. Alijaribu mara tatu. Mtoto aliyeshinda mbio za wilaya alishindwa kuinuka kitandani.

"Zuhura, umekojoa leo?"

Alimtazama mwalimu. Nikamwambia mwalimu atoke nje. Akasema yeye ni mlezi wake. Nikamwambia mlezi naye atoke nje. Mlango ulipofungwa, nilirudia swali.

"Kidogo sana, mama."

"Rangi gani?"

Alijifunika uso kwa mtandio. "Kama chai ya rangi."

"Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi. Nilidhani ni siku zangu zimekuja vibaya. Nikaona aibu."

"Na jana mlifanya mazoezi?"

"Tulirushwa kichurachura. Mwalimu alisema anayelia anaongezewa mzunguko." Aliushusha mtandio. "Mimi sikulia."

Kwa ninyi wapya: misuli ikiumizwa kupita kiasi, haichubuki tu, huvunjika, na mabaki yake humwagika kwenye damu na kwenda kuziba figo. Mkojo huwa wa kahawia. Vidonge vya maumivu vya aina ile hukaba figo zaidi. Mtu mzima, mwenye afya, bila malaria wala sumu, anaweza kupoteza figo zake kwa sababu aliruka kama chura na akanyimwa maji. Nilifungua mlango nikamwambia mwalimu kwamba mtoto anakwenda wodini sasa hivi.

"Wodini? Kwa misuli?"

"Kwa figo."

"Mama, usinitishie mtoto. Hawa wa siku hizi ni wavivu, wakikuona mpole wanalegea. Sisi tulikimbia pekupeku hadi Namtumbo, hakuna aliyekojoa chai!"

"Umempa dawa gani?"

"Diklofenaki. Asubuhi, mchana, jioni, tangu juzi." Halafu akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila ujanja wowote. "Si wewe mwenyewe uliniambia, mama? Nilikupigia. Ukasema ni kawaida."

Nimetukanwa mara nyingi kazini. Mgonjwa mmoja aliwahi kunirushia gongo. Hakuna kilichonipata kama sentensi ile, kwa kuwa ilikuwa kweli, na ilisemwa na mtu aliyeniamini. Nilikuwa nimejaa hasira za kumrushia, na ghafla nusu yazo ikakosa pa kwenda ila kwangu.

"Niliyasema," nilimjibu. "Na nilikosea. Sasa shika upande ule, tumbebe."

Wodini daktari wa zamu, kijana mwerevu mwenye usingizi machoni, aliweka karatasi ya kipimo kwenye mkojo, ikaonyesha damu. Akasema ni kichocho au maambukizi ya njia ya mkojo, akaanza kuandika dawa. Nikamwambia nashuku misuli. Akatabasamu vile vijana wanavyotabasamu wakiwa na adabu.

"Mama, upande huu tuachie sisi. Wewe utatusaidia kwenye kuchua."

Sikuondoka. Nilikwenda maabara mwenyewe na kumwomba mtaalamu autazame mkojo uleule kwenye darubini. Aliinama, akainuka, akafuta lenzi, akainama tena.

"Ajabu," alisema. "Karatasi inasema damu ipo. Lakini chembe za damu sioni hata moja."

Ndivyo inavyokuwa, ndugu zangu. Karatasi ile haitofautishi damu na mabaki ya misuli. Nilirudi na jibu hilo. Kijana alilisoma, tabasamu likatoka, akachana aliyoandika. Namheshimu kwa hilo hadi leo. Wapo wanaoona aibu kuchana karatasi kuliko kumzika mgonjwa. Zuhura alitundikiwa dripu moja baada ya nyingine, vidonge vikasimamishwa, na jioni majibu ya figo yakaja mabaya. Daktari alianza kusema kuhusu kumpeleka mbali kusafishwa damu.

Mama yake alifika kesho yake kwa basi, na kikapu cha viazi na kanga mbili mpya. Nilimweleza kwa lugha nyepesi niliyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu ameshika jembe tangu ana miaka saba," alisema. "Amelima karanga, amelima mpunga, amebeba kuni. Hajawahi kukojoa damu. Shule mnawafanya nini?"

Sikumficha hata habari ya simu. Alinikabidhi jagi la kupimia mkojo nimshikie, akainama kumfunika binti yake. Siku tatu yule mama hakutoka wodini. Kila Zuhura alipokojoa, yeye ndiye aliyebeba jagi hadi dirishani kwenye mwanga. Jumamosi asubuhi alisema, "Bado chai." Jumapili alisema, "Chai imetiwa maji." Jumatatu aliinua jagi, akaligeuza, akasema tu "Alhamdulillahi," na daktari akafunga faili la rufaa lililokuwa wazi mezani tangu Ijumaa.

Mwafikiri hadithi iliishia hapo kwa aibu na mabadiliko? Kikao cha shule kilikaa. Niliitwa, nikaeleza kwa nusu saa. Taarifa iliyotoka ilisema mwanafunzi "hakuwa amejiandaa kimwili kwa mazoezi." Yaani kosa ni la misuli yake! Mjumbe mmoja aliniuliza kama haiwezekani binti alirogwa na shule pinzani, na watu waliandika swali hilo kwenye daftari, hali maelezo yangu kuhusu maji hakuyaandika mtu. Nilitengeneza karatasi ya ukurasa mmoja: anzeni na robo ya mazoezi, ongezeni wiki kwa wiki, maji wakati wote, siku ya pili baada ya kazi nzito iwe ya kutembea na kujinyoosha polepole, mtoto akivimba au mkojo ukibadilika apelekwe hospitali bila mjadala. Niliikuta baadaye stoo ya vifaa, imefungiwa chokaa ya kuchorea uwanja.

Zuhura alikuja kwangu kila wiki hadi mwezi wa tisa. Tulianza na kukaa na kusimama kitini mara tano. Tukaenda kwenye kutembea korido, kisha kuzunguka bustani ya hospitali, kisha mbio za polepole. Nilimfundisha kutofautisha maumivu mawili: yale butu yanayolegea mwili ukipata joto, ambayo unaweza kwenda nayo taratibu, na yale yanayozidi kila hatua, ambayo unasimama nayo palepale. Kusimama ndiko kulikomshinda. Akili yake ilishakaririshwa kwamba anayesimama ni mvivu. Mara ngapi nilimwona anauma meno, nikimuuliza anasema "kawaida tu, mama," na lile neno lilinichoma, maana nilijua limetoka kinywani mwa nani. Nilimwambia figo zake zimepona mara moja, na kwamba sikuwa tayari kushika jagi mara ya pili. Siku ya mwisho alinishukuru na kuniuliza kama anaweza kurudi uwanjani. Nilimwambia misuli yake iko tayari. Kuhusu yeye mwenyewe sikuwa na kipimo.

Alirudi mwezi wa kumi, na nilikwenda kutazama, nikasimama pembeni kwenye nyasi. Mwalimu Ngonyani alinisalimia kwa kichwa. Kulikuwa na ndoo ya maji yenye kifuniko chini ya goli, na kwangu ile ndoo ilikuwa barua ya kuomba radhi ndefu kuliko aliyoweza kuandika. Lakini mtu habadiliki kote kwa mpigo. Wasichana kumi na wawili walikimbia mzunguko wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu Zuhura alikuwa mbele, na nilimwona akianza kuuma meno. Nilitaka kupiga kelele. Nikajizuia, kwa kuwa sitakuwepo kila uwanja.

Alipunguza. Akatembea hatua nne. Kisha, katikati ya uwanja, mbele ya wenzake wote, akakaa chini na kunyoosha miguu.

Mwalimu Ngonyani aliinua filimbi. "Zuhura! Nani kakuruhusu ukae?"

Alikuwa anahema, jasho linamtiririka, na alijibu bila kuinuka.

"Mapaja yangu, mwalimu."

Wasichana wengine walisimama, wakatazama filimbi iliyokuwa mdomoni mwa mwalimu. Haikulia. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, akasogea akakaa kando ya Zuhura.